Kea (kazi ya kulea wazee na wagonjwa) haina watu, ila sisi wazoefu ndo tunaongezewa miaka ya kusubiri. Nibaki Uingereza au nianze Kijerumani? (Mjadala wa kabla ya 12 Februari 2026)

Binti Mzizima:

Wakuu salama humu ndani? Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mawazo yenu hasa mlioko Uingereza na Ujerumani.

Nafanya kea huku kaskazini mwa Uingereza tangu mwisho wa 2022. Nlikuja ule msimu serikali yenyewe ilipofungua mlango, Februari 2022 kazi ya kea ikaingizwa kwenye orodha ya kazi zenye upungufu, maejenti wakajaa Dar na Nairobi, watu tukauza viwanja tukaja. Tulivyofika tukakuta nyumba za wazee hazina watu kabisa, unamaliza shifti ya usiku meneja anakuomba ubaki mpaka mchana maana wa asubuhi hajapatikana. Tukabaki. Wahenga walisema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, sisi jembe tulilipokea siku ya kwanza na hatukulalamika. Sahivi niko na wazee wenye dimentia, nina levo 3 (cheti cha ngazi ya tatu cha kea), nagawa dawa, na mgeni akianza kazi mimi ndo anapewa atembee na mimi mpaka azoee.

Mume na mtoto walinifuata 2023 kabla wategemezi hawajazuiwa. Mtoto yuko shule, marafiki zake wote wako hapa. Hesabu yetu ilikuwa 2027 natimiza miaka mitano, naomba ILR (ruhusa ya kuishi hapa moja kwa moja), tunapumua. Sasa Novemba 2025 limetoka pendekezo kwamba wengi watasubiri miaka 10 na sisi wa kazi zilizo chini ya ngazi ya digrii miaka 15. Nimelisoma mara nyingi nikidhani nimeelewa vibaya.

Maswali yangu: hili linatugusa sisi tuliokwisha kuwa ndani? Kuna nchi yoyote yenye sera ya kumshika mfanyakazi mgeni mwenye uzoefu kwa dhati, sio kumwita wakati wa shida tu? Na mwenzangu kazini ameanza Kijerumani ananivuta na mimi, mnaonaje?

Makaratasi:

Dada pole sana. Nianze na yenye uhakika.

Mlango wa kuajiri kea kutoka nje ulifungwa 22 Julai 2025. Waliomo ndani wanaruhusiwa kuongeza viza na kubadili mwajiri, hicho ni kipindi cha mpito kilichowekwa mpaka Julai 2028 na serikali ilisema kitakuwa kinapitiwa. Kima cha mshahara kwa viza ni pauni 25,000 kwa mwaka, yaani 12.82 kwa saa, tangu 9 Aprili 2025, kwa hiyo ukifika muda wa kuongeza viza angalia payslipu zako zisije zikakuangusha. Mume na mtoto ulionao wako salama kwa sababu uliingia kwenye hii viza kabla ya 11 Machi 2024, ila hakikisha viza yako haikatiki hata siku moja katikati, hapo ndo watu wanapoteza.

Sasa hiyo miaka 15. Ni pendekezo na maoni yanapokelewa mpaka 12 Februari 2026. Kama lilivyoandikwa linawagusa hata waliomo ndani ambao bado hawajapata ILR, na hiyo ndo sehemu inayouma. Lakini serikali imeuliza yenyewe kama kuwe na utaratibu wa mpito kwa waliokuwa tayari njiani, kwa hiyo hilo halijafungwa na ndo pa kukazania.

Ukitaka kujua wanampimaje mtu wa kubaki, tazama wanavyopunguza miaka. Ukiwa na kipato cha kuanzia pauni 50,270 kwa miaka mitatu unapunguziwa miaka 5. Ukifika 125,140 unapunguziwa 7. Madaktari na manesi wa NHS (huduma ya afya ya umma) wamehakikishiwa kubaki kwenye 5. Kea analipwa nusu ya hiyo 50,270 akijitahidi sana, hata afanye kazi miaka kumi bila kukosa shifti, hata wazee wote wamwite mwanangu, hakuna mahali uzoefu wake unapohesabiwa. Wamechukua mshahara ndo kipimo cha umuhimu wa mtu, wakati mshahara wa kea uko chini kwa sababu halmashauri ndo zinazolipia wazee wengi na halmashauri hazina hela. Yaani bei kaipanga serikali afu bei hiyohiyo inatumika kukuambia hufai.

Kuhusu nchi zinazowashika watu, zipo. New Zealand Septemba 2023 walifungua njia ya ukaazi kwa watu wa kea peke yao: ufanye kazi miezi 24 kwa mshahara usiopungua kiwango walichoweka, uwe na miaka 55 au chini, unaomba ukaazi. Kipimo ni kazi uliyokwisha ifanya. Taiwan nao, tangu 30 Aprili 2022, mfanyakazi mgeni aliyekaa miaka 6 na zaidi mwajiri anaweza kumpandisha daraja kuwa fundi wa kati, na ukishapanda ule ukomo wa miaka unaondoka, zamani mtu wa kulea wazee majumbani ilikuwa ikifika miaka 14 unarudishwa kwenu ujuzi wote kichwani. Wale waliona wenyewe kwamba wanawafundisha watu afu wanawafukuza wakiwa wameiva.

Mgosi wa Leicester:

Mi ni naibu meneja kwenye nyumba ya wazee, nimepanda kuanzia kea wa kawaida, kwa hiyo naomba niongee kuhusu huu uzoefu maana wanaoandika hizi sera naona hawajawahi kuuona kwa macho.

Kuna babu hapa kwetu alikuwa dereva wa basi ujana wake. Ukimwambia twende ukaoge anarusha ngumi. Binti mmoja wa Kisumu akagundua kwamba ukimwambia basi linaondoka saa mbili kamili anasimama mwenyewe, anakushika mkono, mnafika bafuni bila kelele, na ukimtangulizia taulo la moto mabegani kabla ya maji basi umemaliza. Sasa kwa kuwa anamuogesha kwa utulivu ana muda wa kumtazama ngozi, na ndo huyohuyo binti aliyeona wekundu kwenye kisigino, akabonyeza na kidole, ukawa haufifii. Wanaojua kazi wanajua wekundu usiofifia ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Nesi akaitwa siku hiyohiyo, godoro likabadilishwa, mguu ukanyanyuliwa, kidonda hakikutokea. Binti ameshaondoka, alichoka kusubiri. Wanaokuja sasa ni wa wakala, leo huyu kesho yule, watu wazuri tu lakini babu anagoma kuoga siku tatu na kisigino hakuna anayekifikia. Nimeandika kwenye noti za makabidhiano habari ya basi na taulo, lakini mtu wa shifti moja kakabidhiwa wazee wengi usiku mmoja, atasoma lini.

Na takwimu za Skills for Care, wanaofuatilia ajira za kea, ziko wazi. 2021/22 nafasi zisizo na watu kwenye kea ya watu wazima Uingereza zilikuwa karibu 165,000. 2024/25 zimeshuka mpaka 111,000. Zilishuka kwa sababu ya watu kama Binti Mzizima, mwaka 2023/24 peke yake waliajiriwa watu kama 105,000 kutoka nje, mwaka uliofuata wakashuka mpaka 50,000, na sahivi mlango umefungwa. Ukishafunga mlango wa nje, hesabu ya kawaida inakuambia wale uliobaki nao ndani uwashike kwa mikono miwili. Wao wamefunga mlango wa nje na hapohapo wanawasukuma wa ndani wafikirie kuondoka.

Kimbaumbau:

Samahanini nitaenda kinyume kidogo na mnisikilize kwa utulivu. Serikali ya nchi yoyote ina haki ya kubadilisha sheria zake, na tusisahau hii viza ilichezewa sana. Watu waliuziwa CoS (hati ya udhamini wa mwajiri ya kuombea viza) kwa mamilioni, wakafika wakakuta kampuni haina mzee hata mmoja wa kulea. Waliouza wengine ni ndugu zetu wenyewe. Afu kuna hoja nyingine, kila mwajiri akipata watu wa nje kwa bei ya chini hatapandisha mshahara milele, kijana wa hapa atachagua supamaketi. Labda dawa ni kulipa vizuri, sio kuwafunga wageni kwenye kazi hiyo maisha yao yote.

Makaratasi:

Kimbaumbau hoja ya mshahara nakubaliana nayo asilimia mia, na serikali imeahidi makubaliano ya mishahara ya sekta nzima na pauni milioni 500, lakini yanaanza kutumika 2028. Sasa kati ya leo na 2028 nani anamgeuza bibi kitandani usiku? Kupandisha mshahara na kuwashika wazoefu ni mambo yanayokwenda pamoja, huwezi kufanya moja kwa kuvunja jingine.

Na hilo la kuchezewa viza, tazama nani aliadhibiwa. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 kampuni zaidi ya 470 za kea zilinyang'anywa leseni ya sponsa (ruhusa ya kudhamini viza za wafanyakazi), na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa wamehusishwa na kampuni hizo. Mwenye kampuni kapoteza leseni, mfanyakazi kapewa barua ya siku 60 atafute sponsa mwingine au aondoke nchini na watoto wake. Mwizi na aliyeibiwa wakawekwa kapu moja.

Hapo ndo sera ya kushika watu ilipotakiwa ionekane, na kidogo ilionekana sikatai. Tangu 9 Aprili 2025 mwajiri wa England alitakiwa ajaribu kwanza kuchukua waliopoteza sponsa kabla ya kuagiza mtu nje, na kuna fedha zilitengwa kwa ofisi za ushirikiano za mikoa ziwaunganishe na waajiri wapya, hadi pauni milioni 12.5 kwa 2025/26. Scotland nao Juni 2025 walitoa hadi pauni 500,000 kusaidia waajiri wachukue watu wa aina hiyo waliokwisha kuwa nchini. Ni mambo mazuri. Ila mzizi uko palepale, viza imefungwa kwa mwajiri mmoja. Unison, chama cha wafanyakazi, wamekuwa wakidai viza iwe ya sekta nzima, ukiwa kea wewe ni wa kea, mwajiri akikukosea unavuka barabara unaenda kwa jirani. Mimi naamini hilo peke yake lingebakiza watu wengi kuliko matangazo yote ya ajira.

Aliyetoka Doha:

Hilo la kufungwa kwa mwajiri mmoja naomba nilitilie mkazo mana nimeliishi Ghuba. Qatar mpaka 2020 ulikuwa huwezi kuhama kazi bila barua ya ruhusa ya mwajiri wako, hata kama hakulipi. Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa anatuchelewesha mshahara na tukiuliza anasema nendeni mkatafute kwingine, huku anajua hatuwezi. Sheria ya 2020 ikaondoa ile barua, na Machi 2021 ikaja ya kima cha chini, riyali 1,000 pamoja na 500 ya malazi na 300 ya chakula kama mwajiri hakupi. Utekelezaji una matatizo yake mengi, hata hivyo waliohama wakahama na wale waajiri wazuri wakawa wanapata mafundi wazoefu bila kuagiza mtu mbichi kutoka nje. Kule ukaazi wa kudumu kwa fundi wa kawaida haupo kabisa, kwa hiyo siwasifii, nasema hata nchi isiyo na nia ya kukupa makazi iligundua kwamba kumwachia mtu ahame kunasaidia soko lake.

NesiDortmund:

Habari zenu wajameni. Mimi ni Mkenya, nesi huku Ujerumani, nilianza kama mwanafunzi wa Ausbildung (mafunzo ya kazi ya huku). Binti Mzizima dada yangu nitakuambia ukweli wote mzuri na mbaya ndio uamue na bwana yako.

Kwanza achana na hiyo stori ya nafasi 250,000 za Wakenya iliyosambaa Septemba 2024 wakati ule mkataba wa Kenya na Ujerumani ulisainiwa Berlin, wizara yao ya mambo ya ndani ilikanusha yenyewe. Mkataba upo, namba hiyo haipo, na maejenti bado wanaitumia kukamua watu pesa.

Ujerumani inashika mtu kwa cheti. Uzoefu wako wa Uingereza watauheshimu kwa interview lakini kwa karatasi, kama huna masomo yaliyotambuliwa, haukufikishi mbali. Wasaidizi wa uuguzi wamefunguliwa kidogo tangu Machi 2024 ila karatasi zako lazima zipitie Anerkennung, yaani utaratibu wa kutambua vyeti, na zitambuliwe huku. Njia yenye nguvu ni Ausbildung ya uuguzi, miaka mitatu, unasoma na kufanya kazi, na unalipwa kuanzia mwezi wa kwanza, kwa hospitali za umma ni zaidi ya euro 1,300 kabla ya makato. Ukimaliza hapa, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili ya kazi. Aliyekuja akiwa tayari na ujuzi uliotambuliwa anaomba baada ya mitatu, zamani ilikuwa minne, walipunguza Novemba 2023 kwa sababu waliona watu wanaenda kwingine. Uraia ni miaka mitano tangu Juni 2024.

Sasa piga hesabu. Mwaka mmoja wa lugha mpaka ngazi ya B1 au B2, mitatu ya Ausbildung, miwili ya kazi, jumla sita. Huko ulipo, pendekezo likipita bila kinga, umebakiza kama kumi na mbili. Kwa namba Ujerumani inashinda.

Ubaya ni familia. Kwa mshahara wa mwanafunzi utaambiwa uonyeshe unaweza kuwalisha na kuwapangishia nyumba ya kutosha, na euro 1,300 haifanyi hiyo kazi labda bwana awe na kipato chake. Wenzangu wengi wamekaa miaka mitatu bila watoto wao. Na Kijerumani cha wodini sio cha darasani, bibi wa Dortmund anaongea haraka na hana meno, aki utalia wiki za kwanza. Kama mtoto wako ametulia shule sitakuambia uruke tu.

Binti Mzizima:

Asanteni sana wote, nimesoma kila neno na mume wangu amesoma. Mgosi hiyo ya kisigino imenigusa mana ndo kazi yenyewe tunayofanya na hakuna fomu inayoiuliza.

Kumwacha mtoto miaka mitatu siwezi, hilo limeshaamuliwa humu ndani. Nimebakiwa na mawili. Je nikisomea unesi hapahapa naingia kwenye lile kundi la miaka 5? Na haya maoni wanayopokea, mtu kama mimi nikiandika itasaidia au wanasikiliza makampuni tu?

Mgosi wa Leicester:

Unesi hapa inawezekana na ndo ninayowashauri wasichana wangu wote. Ukiwa nesi aliyesajiliwa unatoka kwenye kundi la chini ya digrii. Kikwazo ni ada, ukienda chuo kwa viza yetu unalipa kama mwanafunzi wa nje na mkopo wa serikali hupati. Ndo maana ujaribu kwanza njia ya digrii ya kufanya kazi huku unasoma, mwajiri ndo anagharamia masomo, ila lazima awe tayari kukudhamini viza kipindi chote na wengi bado hawataki kujifunga hivyo. Kaongee na meneja wako na kitengo cha mafunzo cha hospitali iliyo karibu, uwaulize wazi kama wanachukua watu wenye viza. Wengine watakataa, uliza tena kwingine. Na usikubali mtu akutoze hela ya CoS, tangu 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kukubebesha gharama hiyo.

Makaratasi:

Kwenye maoni andika, na andika wewe mwenyewe, usinakili barua ya kwenye makundi ya WhatsApp mana zinazofanana zinahesabika kirahisi kama moja. Weka tarehe uliyoingia, sheria ilikuambia nini siku ile, kodi umelipa kiasi gani kwa mujibu wa P60 zako (karatasi za mwaka za mshahara na kodi), mafunzo uliyosoma, na wageni uliowafundisha kazi. Jibu swali la utaratibu wa mpito kwa urefu kuliko maswali mengine yote, sema kwamba waliokuwa ndani kabla ya Novemba 2025 wabaki kwenye miaka 5, na kama watakataa hilo basi miaka ya kazi ya kea ihesabike kupunguza kama wanavyohesabu mshahara. Muombe meneja wako aandike na yake, halmashauri zinamsikiliza, na familia za wazee unaowalea wana mbunge, wao wana kura, na wewe pia unayo ukijiandikisha maana sisi ni wa Jumuiya ya Madola. Mwandikie mbunge wa eneo lako pia, ofisi yake itapokea barua ya mkaazi yeyote wa jimbo hata asiye raia.

Kijerumani usikitupe moja kwa moja, mumeo anaweza kuanza yeye mkiona majibu ya serikali baada ya Februari hayaeleweki.

NesiDortmund:

Hiyo ya bwana ni nzuri. Kama yeye ana cheti cha ufundi wa umeme au wa magari na miaka miwili ya kazi ndani ya mitano iliyopita, kwa fani zisizohitaji leseni ya serikali anaweza kuja kwa uzoefu wake bila kutambuliwa upya Ujerumani, cheti kiwe cha masomo yasiyopungua miaka miwili na kinatambulika na serikali ya kwenu na mshahara ufike kiwango chao. Niulizie anafanya kazi gani nikuangalizie.

Binti Mzizima:

Fundi umeme, VETA, alifanya Dar muda mrefu kabla ya kuja huku. Nakutumia vyeti vyake inboksi leo jioni nikitoka shifti.